Anwani Kabla ya Yote: Miezi ya Kwanza ya Mwanafunzi wa Afrika Mashariki Nchini Ujerumani

Vitabu na vipeperushi vinavyowaandaa vijana wa Tanzania, Kenya na nchi jirani kwenda kusoma Ujerumani kwa kawaida huishia mlangoni mwa ubalozi: hueleza namna ya kuomba nafasi chuoni, jinsi vyeti vinavyohakikiwa, na nyaraka zipi ziwasilishwe ili viza itolewe, kisha hunyamaza pale ambapo safari yenyewe inaanza. Sura hii inakishughulikia kipindi kinachofuata, yaani ile miezi sita hivi tangu mwanafunzi anaposhuka kwenye ndege hadi anapomaliza mitihani ya muhula wake wa kwanza. Hoja inayojengwa humu ni kwamba kutulia katika nchi hiyo hakutegemei sana uchangamfu wa mgeni wala ukarimu wa wenyeji, bali kunategemea mambo mengi madogo yafanyike moja baada ya jingine kwa utaratibu wake, na kwamba jukumu la kuujua utaratibu huo leo limeachwa mikononi mwa mwanafunzi peke yake, hali ambayo haikuwakuta wote waliomtangulia.

Waliomtangulia, kwa hakika, wapo tangu zamani. Chuo cha Lugha za Mashariki kilipoanzishwa Berlin mwaka 1887, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa, na kwa kuwa walimu wa Kijerumani walihitaji wasemaji wa lugha yenyewe, waliletwa watu kutoka Zanzibar na Mrima. Amur bin Nasur wa Zanzibar alifundisha huko mwanzoni mwa miaka ya 1890 na akaacha maandishi juu ya maisha aliyoyaona, na mwaka 1900 akafika Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa mwaka 1903. Mtoro alioa Berlin mwaka 1904, na mwaka uliofuata aliposafiri na mkewe Mjerumani kurudi Afrika Mashariki, wakuu wa koloni hawakuwaruhusu kuingia pamoja, wakalazimika kurejea Ujerumani, ambako alifariki mwaka 1927. Maisha yake yanafaa kukumbukwa katika sura kama hii, kwa sababu yanaonyesha kwamba elimu na heshima darasani havikumkinga mgeni na maamuzi ya ofisi, na kwamba tangu mwanzo swali la nani aishi wapi, na kwa karatasi gani, lilikuwa zito kuliko swali la nani anajua nini.

Nusu karne baadaye mambo yalichukua sura nyingine. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, na vijana wa visiwani walianza kupelekwa huko kwa ufadhili wa dola. Wengi wa wanafunzi wa kigeni waliofika katika nchi ile walipitia Taasisi ya Herder mjini Leipzig, iliyokuwa na kazi ya kuwafundisha lugha ya Kijerumani kabla hawajatawanywa katika vyuo vyao, na katika utaratibu huo kitanda, posho na ratiba vilipangwa kabla mwanafunzi hajafika. Utaratibu huo ulikuwa na gharama zake, kwani dola iliyompangia mgeni kitanda ndiyo iliyomchunguza mienendo, na hakuna sababu ya kuutamani urudi. Hata hivyo ulikuwa na sifa moja inayokosekana leo: ulichukulia kwamba kumpokea mwanafunzi ni kazi ya mwenyeji. Chuo kikuu cha Ujerumani ya sasa humtumia mwanafunzi barua ya kumkubali, humwekea wiki moja ya utambulisho kabla ya masomo kuanza, kisha humwachia uhuru wake, na uhuru huo ndio unaowaelemea wengi.

Kiini cha utaratibu wa sasa ni anwani. Sheria ya usajili wa wakazi, inayotumika nchi nzima tangu Novemba 2015, inamtaka kila anayehamia katika makazi ajisajili kwenye ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, na ili asajiliwe ni lazima awe na karatasi iliyotiwa saini na mwenye nyumba ikithibitisha kwamba kweli amehamia humo. Usajili huo, unaojulikana kwa jina la Anmeldung, unaweza kuonekana na mgeni kuwa shughuli ndogo ya dakika kumi, lakini ndio unaofungua karibu kila mlango mwingine. Benki nyingi hutaka cheti chake ili kufungua akaunti ya kawaida. Mamlaka ya kodi, baada ya kupata taarifa ya usajili, hutuma kwa posta namba ya mlipakodi yenye tarakimu 11, ambayo mwajiri huihitaji ili amkate mfanyakazi kodi kwa kiwango kinachomstahili. Ofisi ya wageni, yaani idara ya mji inayotoa vibali vya kuishi, huhudumia wale waliosajiliwa katika eneo lake tu. Mwanafunzi asiye na chumba cha kudumu, anayelala wiki mbili kwa rafiki na wiki mbili nyingine kwenye nyumba ya wageni, hajakosa mahali pa kuweka mizigo pekee. Machoni mwa ofisi zote hizo bado hajafika nchini.

Kwa sababu hiyo, ushauri wa kwanza ambao mwanafunzi angestahili kupewa kabla ya kukata tiketi unahusu chumba, na kuhusu chumba kuna mengi ya kusemwa. Mabweni ya gharama nafuu huendeshwa na mashirika ya huduma kwa wanafunzi, ambayo yapo karibu katika kila mji wenye chuo na ambayo husimamia pia mabwalo ya chakula, na katika miji mikubwa orodha ya wanaosubiri ni ndefu kiasi kwamba anayeomba Septemba kwa muhula wa Oktoba amekwisha kuchelewa. Njia ya pili ni nyumba ya pamoja, ambamo watu wawili, watatu au zaidi hukodi nyumba moja na kila mmoja kuwa na chumba chake huku jiko na bafu vikitumiwa na wote. Hapa wapangaji waliopo ndio wanaomchagua mwenzao mpya, mara nyingi baada ya mahojiano mafupi yanayofanyika kwa Kijerumani. Kodi ya pango inayotangazwa inaweza kuwa ya kuta pekee, bila ya maji, taka na joto la majira ya baridi, na gharama hizo zinapoongezwa bajeti ya mtu inaweza kuvunjika. Tena mwenye nyumba anaruhusiwa kudai amana inayofikia kodi ya miezi mitatu ya kuta, fedha ambayo hurudishwa mpangaji akihama bila kuacha uharibifu wala deni. Na kwa kuwa mgeni anatafuta chumba akiwa bado Mwanza au Kisumu, yupo katika hatari ya matapeli wanaotangaza vyumba vizuri kwa bei ya chini, wakidai wako nje ya nchi na kwamba funguo zitatumwa kwa posta mara tu amana itakapolipwa. Hakuna kanuni ya kumlinda mtu katika jambo hili iliyo bora kuliko kutolipa senti moja kabla yeye mwenyewe au mtu anayemwamini hajakiona chumba na kuusoma mkataba.

Jambo dogo linalofuata usajili huwagharimu wageni wengi, nalo ni sanduku la barua. Ujerumani ingali nchi ya posta: kadi ya bima ya afya, namba ya siri ya benki, namba ya mlipakodi na miadi ya ofisi ya wageni vinaweza vyote kuja katika bahasha, na mtumishi wa posta huangalia jina lililobandikwa kwenye sanduku, si namba ya chumba. Mwanafunzi ambaye hakubandika jina lake, au aliyebandika jina la nyumbani wakati pasipoti ina jingine, barua zake hurudishwa zilikotoka, na barua ambayo haikusomwa kwa kawaida haimwondolei mtu wajibu wa kuijibu. Miongoni mwa barua za mwanzo huwamo ile ya mchango wa redio na televisheni za umma, ambao tangu mwaka 2013 hutozwa kwa kila nyumba bila kujali kama ina televisheni, na ambao ni yuro 18.36 kwa mwezi. Wageni wengi huitupa wakidhani ni tangazo la biashara, ilhali ni deni linaloendelea kukua. Wanaoishi nyumba moja hulipa mchango mmoja, hivyo inatosha kuuliza nani kati yao analipa na kuijulisha mamlaka husika.

Fedha zenyewe hupitia mlango wa pekee. Mwanafunzi asiye na ufadhili wala mdhamini hutakiwa, kabla ya kupewa viza, kuweka fedha ya mwaka mzima katika akaunti iliyofungwa, yaani akaunti ambayo mwenyewe hawezi kuichota kwa hiari yake; tangu Septemba 2024 kiwango kilichowekwa ni yuro 11,904, na akishafika huruhusiwa kutoa yuro 992 kwa mwezi. Ada ya masomo katika vyuo vingi vya umma haipo, isipokuwa mchango wa muhula unaogharimia huduma za wanafunzi na mara nyingi tiketi ya usafiri, ingawa jimbo la Baden-Württemberg tangu mwaka 2017 huwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Kwa hesabu ya ofisi, basi, mwanafunzi ana mshahara mdogo unaomtosha kodi, bima na chakula.

Hesabu ya nyumbani ni tofauti, na ndiyo inayopaswa kuzungumzwa kwa uwazi zaidi. Fedha ile aghalabu si ya mwanafunzi. Imechangwa na wajomba na mashangazi, imekopwa kwenye chama cha akiba na mikopo, au imetokana na kiwanja kilichouzwa, na wapo wanaoikopa kwa makubaliano ya kuirudisha kila mwezi kadiri inavyofunguka, jambo linalomfanya mwanafunzi aishi bila ile fedha ambayo kwenye karatasi ndiyo inayomweka hai. Desturi ya kuchangiana ili mtoto wa ukoo akasome ng'ambo ni moja ya mambo bora yaliyojengwa katika Afrika Mashariki, na bila harambee vijana wengi wa Kenya wasingefika vyuo vya nje hata katika miaka ya 1960. Lakini familia inayochanga haina budi kuelezwa kwamba mwaka wa kwanza hauna ziada. Kijana anayepigiwa simu mwezi wa pili akiulizwa kwa nini hajatuma chochote huacha kuhudhuria semina na kuingia ghalani kupanga mizigo usiku, na hasara ya uamuzi huo huonekana miezi mitatu baadaye, kwenye mitihani.

Kazi inaruhusiwa, kwa mipaka. Tangu Machi 2024 mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kufanya kazi siku kamili 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, na katika wiki za mihadhara anayevuka saa 20 za kazi kwa wiki anaweza kuhesabiwa na bima kuwa mfanyakazi badala ya mwanafunzi. Sheria hizi hueleweka upesi. Kisichoeleweka upesi ni kiasi cha kazi ambacho masomo yenyewe yanadai, kwa kuwa ratiba ya chuo humdanganya msomaji wake. Muhula mmoja umepangwa kuwa na alama 30 za mzigo wa masomo, na kila alama, kwa mfumo wa pamoja wa Ulaya jinsi unavyotumika Ujerumani, inawakilisha hadi saa 30 za kazi, yaani jumla ya saa 900. Vipindi 20 vya dakika 45 kila wiki, kwa wiki 15, havifikishi hata saa 230. Saa zaidi ya 600 zilizobaki hazionekani mahali popote kwenye ratiba, hakuna mwalimu anayezikagua, na mwanafunzi aliyezoea mtihani wa kila mwezi na kazi zinazosahihishwa kila wiki anaweza kufika Januari akiamini kwamba muhula umekuwa mwepesi.

Zaidi ya hayo, kuandikishwa katika kozi si sawa na kuandikishwa katika mtihani wake. Katika vyuo vingi mwanafunzi hujiandikisha kwa mtihani kivyake, kwenye mfumo wa kompyuta, ndani ya siku chache zilizotangazwa mapema, na aliyepitwa na siku hizo hafanyi mtihani hata kama alihudhuria kila mhadhara. Alama hutolewa kinyume na matarajio ya wengi, 1.0 ikiwa ya juu kabisa na 4.0 ikiwa ya mwisho ya kufaulu. Idadi ya kurudia mtihani ina kikomo, na kushindwa mara ya mwisho katika somo la lazima humwondoa mtu katika kozi hiyo.

Darasani kwenyewe kuna adabu zinazohitaji kufasiriwa. Mhadhara ulioandikwa kuanza saa 4 asubuhi pamoja na herufi c.t., kifupi cha maneno ya Kilatini, huanza saa 4 na robo, na ulioandikwa s.t. huanza saa 4 kamili bila kumngoja mtu. Mwisho wake wanafunzi hugonga meza kwa vifundo vya vidole, na huko ndiko kumshukuru mwalimu. Profesa huonwa kwa miadi, katika saa alizozitenga kwa ajili ya wanafunzi, na humtarajia mgeni aende moja kwa moja kwenye swali lake. Kijana aliyelelewa kumwamkia mkubwa, kumjulia hali na kusubiri apewe nafasi ya kusema anaweza kuona jambo hili kuwa ukavu, na profesa naye anaweza kuuona unyamavu wa heshima kuwa dalili ya kutoelewa au ya kutojali. Pande zote mbili zina adabu, ila kwenye semina anayetathminiwa ni mmoja tu, na kwa hiyo yeye ndiye anayelazimika kujizoeza kupinga hoja ya mwalimu mbele ya watu bila kujihisi amemkosea. Wanaochelewa kujifunza hili hupata shida zaidi kuliko wale wanaochelewa kujifunza sarufi.

Kuhusu lugha, wingi wa kozi za uzamili zinazofundishwa kwa Kiingereza umewafanya wengi waamini kwamba Kijerumani si lazima. Ni kweli kwa mtihani, si kweli kwa mkataba wa nyumba, kwa daktari, kwa barua za ofisi na kwa sehemu kubwa ya kazi za muda, na saa zilizotumiwa kujifunza lugha Dar es Salaam au Nairobi kabla ya safari zina thamani kuliko zile zinazoibwa kutoka kwenye muhula wa kwanza.

Kisha huja giza, ambalo mtu aliyekulia karibu na ikweta hawezi kulikisia kwa kuambiwa. Afrika Mashariki siku na usiku hulingana karibu mwaka mzima, na hata hesabu ya saa ya Waswahili imesimama juu ya uhakika huo. Berlin mwezi Desemba jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na kutua kabla ya saa 10 jioni, na siku nyingi huwa limefunikwa na mawingu hata katika muda huo mfupi, ilhali Juni hubaki angani hadi baada ya saa 3 usiku. Muhula wa baridi, ambao ndio wengi huanza nao, hushuka moja kwa moja ndani ya giza hilo: masomo hufunguliwa katikati ya Oktoba, saa hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo, na kufikia wiki ya sita mwanafunzi huingia maktaba kabla hapajapambazuka vizuri na kutoka kumekwisha kuchwa. Usingizi huvurugika, hamu ya chakula hubadilika, na mtu huanza kuutilia shaka uamuzi wake wa kuja. Uchovu huu una sababu ya kimwili, kwa vile mwili huongozwa na mwanga, na aliyelijua hilo mapema hutoka nje adhuhuri hata kwenye baridi, akiepuka kuyachukulia mawazo ya Desemba kuwa hukumu juu ya uwezo wake. Vyuo vingi, au mashirika yanayoendesha mabweni, vina washauri wa kisaikolojia wasiotoza malipo, na kuwaendea si aibu wala wazimu.

Jumapili huongeza upweke huo, kwani maduka hufungwa, siku hiyo ikiwa imelindwa na katiba yenyewe kuwa ya mapumziko, na kelele majumbani huzuiwa. Hapo ndipo thamani ya waliotangulia huonekana. Misikiti iliyoanzishwa na wahamiaji wa Kituruki, ambao walianza kuja kwa mkataba wa kazi wa mwaka 1961, humpa kijana wa Tanga au Lamu mahali pa kuswali na, jirani yake, bucha la nyama halali; makanisa ya Waafrika hukusanya watu wa mataifa mengi; maduka ya vyakula vya Kiafrika huuza mihogo, ndizi mbichi na unga wa mahindi. Kipo pia kitu ambacho wanafunzi wachache hukifikiria, nacho ni Kiswahili chenyewe. Lugha hii inasomwa katika vyuo vikuu kadhaa, vikiwemo vya Leipzig, Bayreuth na Hamburg, na wanafunzi wake Wajerumani hutafuta kwa hamu wasemaji wa kuzungumza nao. Mapatano ya kubadilishana lugha, saa moja ya Kiswahili kwa saa moja ya Kijerumani, humweka mgeni katika nafasi ya mwalimu badala ya mwombaji, na urafiki unaozaliwa humo mara nyingi huwa wa kudumu kuliko ule wa kwenye mikusanyiko ya wageni watupu.

Viza ya kuingilia kwa kawaida huwa ya miezi michache, na kabla haijaisha mwanafunzi huomba kibali cha kuishi katika ofisi ya wageni, ambayo katika miji mikubwa miadi yake hupatikana baada ya kungoja sana. Aliyewasilisha ombi kwa wakati hupewa hati ya muda inayomlinda hadi uamuzi utoke. Kibali kinapoongezwa baadaye, ofisi huangalia tena fedha, bima, na kama masomo yanakwenda mbele, na hapo ndipo matokeo ya muhula wa kwanza, yaliyoamuliwa na chumba, sanduku la barua na simu za nyumbani, yanapowekwa mezani pamoja na karatasi nyingine. Kwa hiyo taasisi za Afrika Mashariki zinazojivunia kupeleka vijana Ujerumani zingefanya jambo la haki kama zingemkabidhi kila mmoja wao, kabla ya kuondoka, jina la mtu aliyekwisha kupita njia hiyo katika mji anakokwenda, pamoja na fedha ya kutosha kufika mwanzoni mwa Septemba badala ya wiki ambayo mihadhara inaanza.